Anwani Ndani ya Fanksheni

"Usizime kompyuta." Sauti ya Okullo, mkuu wake aliyeko makao ya ujasusi Mbuya, ilinong'ona kwenye kisikizio kilichofichwa sikioni mwa Aciro. "Ikizimika watashtuka. Badilisha anwani ya barua pepe. Kikosi kiko chini. Una dakika sita."

Aciro aliendelea kuandika. Angejibu, angekufa.

Nyuma yake alisimama Cleopas, mfanyamagendo wa silaha, bastola ya Glock mkononi. Alikuwa amemwita Aciro kwenye ofisi yake juu ya soko la samaki la Ggaba akidhani ni fundi wa programu tu. Faili ambalo Cleopas alitaka kutuma kwa barua pepe lilikuwa na majina ya majasusi arobaini na mmoja. Nywila yake walikuwa nayo wanunuzi wa ng'ambo. Cleopas mwenyewe hakuwahi kulifungua.

Jina la Aciro lilikuwa la saba.

"Madam, mbona programu yangu inakataa?" Cleopas akauliza.

Aciro akamwonyesha kosa kwenye skrini. "Boss, lugha ya PHP inasema haiijui $barua, ile barua pepe yako. Uliiunda nje ya fanksheni, nje ya hiki kipande cha programu. Fanksheni haioni vya nje mpaka uipitishie kwenye mabano."

"Pitisha basi."

Akaandika $barua kwenye mabano ya fanksheni ya jaribio. Kisha akaongeza ndani yake mstari wa kubadilisha anwani ya mpokeaji iwe ya Mbuya.

Mdomo wa bastola ukagusa kisogo chake.

"Hiyo anwani ya nani?"

"Ya majaribio, boss. Iko ndani ya fanksheni."



Aciro aliwaza juu ya mama yake aliyeko Kibuli.

Cleopas akacheka. "Usinifundishe. Nilishajaribu na namba. Ukibadilisha ndani, ya nje inabaki vile vile."

Kwa namba, kweli. Lakini $barua ilikuwa objekti, kifurushi cha data, si namba. Ukiipitisha, fanksheni hushika ile ile iliyoko nje. Ukibadilisha anwani yake ndani, umeibadilisha na nje.

Aciro alimwomba Mungu Cleopas asilijue hilo.

Cleopas akabonyeza kitufe mwenyewe. Programu ikafanya jaribio, kisha ikatuma.

Sekunde tatu. Nne.

"Imetua kwetu," Okullo akasema. "Faili lote. Lala chini!"

Aciro akajitupa sakafuni. Mlango ukavunjika, askari wakajaa chumbani.

"Tupa bastola!"

Glock ikaanguka. Cleopas alikodolea skrini macho. "Anwani ilikuwa ndani," alisema. "Ilikuwa ndani!"

Aciro alishuka ngazi hadi sokoni. Akaita pikipiki ya boda.

"Wapi, nnyabo?" dereva akamuuliza.

"Kibuli," alisema, akivaa miwani ya jua. "Na usikimbie, ssebo."