Fundi Wangu, Shoga Yangu, na Kebo ya Bei Chee

Pooooo! Honi ya lori ilinipasua masikio.

Gari langu lilikuwa limezima katikati ya mzunguko wa barabara. Usukani mgumu kama jiwe! Kwenye kioo naliona lori linakuja... linakuja...

Likasimama limekaribia kunigusa.

"We mama, unataka kufa na nani?" dereva akanifokea.

Wapendwa, nilitaka kumjibu, "Sina wa kufa naye."

Mwenzenu ni mjane. Nashona mapazia nyumbani. Wanangu wako ughaibuni, na simu zao ni za mbiombio: "Mama uko poa? Haya, baadaye."

Mtu pekee niliyekuwa naongea naye nikashiba ni Mama Spana, fundi wangu wa magari. Gari likisumbua, ananiwekea kiti, ananimiminia chai, tunacheka mpaka giza linaingia.

Na gari lilisumbua kila mara...

"Dada, hili limechoka," aliniambia siku ile ya lori. "Utakuwa unaniletea tu."

Safari hii niliogopa. Nikaamua nilipime mwenyewe nyumbani, kwa kifaa kinachosoma ubovu wa gari.

Mtandaoni nikachanganyikiwa! Mashine za gereji, bei yake unapata gari jingine. Vidude vya bluetooth vya bei chee, watu wanalia havisomi magari ya zamani. Muuzaji mmoja akaning'ang'aniza kebo ya kuunga gari na kompyuta, pamoja na programu ya wizi kwenye sidii.

"Haina virusi?"

"Mama, una maswali kama polisi!"

Nikaachana naye. Mwingine yeye ndiye aliyeuliza: gari aina gani, la mwaka gani, tundu la chini ya usukani likoje? Nikajua huyu ndiye. Akaniuzia kebo ya kawaida tu, ya bei chee, akanielekeza programu ya kujaribu bure.

"Ikisoma gari lako, ndiyo uilipie."

Nikachomeka. Kompyuta ikasoma: sensa, kile kidude kinachopima mzunguko wa injini, mawasiliano yanakatika.

Nikafuata video, nikaingiza mkono, nikaikuta plagi ya waya wake imelegea. Nikaisukuma... kah! Gari likatulia tuli.

Wiki zikapita. Raha, eti? Thubutu! Sikuwa tena na sababu ya kwenda gereji. Nilishona na redio, nikala na redio.

Mwisho nikapeleka gari kubadilisha oili, ili nimwone tu. Alinikumbatia kama nimetoka safari.

Kesho yake likazima tena!!!

Nikachomeka kebo. Sensa ileile. Nikainama... plagi imechomolewa nusu, na kibanio chake kimeng'olewa kabisa.

Jana yake alilishika mtu mmoja tu.

Nikamfuata gereji na kompyuta kwapani.

"Mama Spana, ni wewe?"

Akaendelea kupanga spana zake.

"Nilikuwa nife na lori mimi! Ulitaka nini? Pesa?"

"Nimewahi kukutoza hata senti kwa tatizo hilo?"

Nikajaribu kukumbuka. Hakuwahi. Kila mara alisema, "Ya leo nenda tu, dada."

"Sasa kwa nini?"

Akajifuta mikono kwenye ovaroli, na wala haikuwa michafu.

"Gari likipona... wewe utakuja lini?"

Jamani! Nilikuwa nimekuja na matusi yangu yote. Nikayaacha, nikavuta kiti kile cha siku zote.

"Gari langu usiliguse tena," nikasema. "Maishani mwako!"

"Sawa."

"Na Jumapili uje nyumbani."

Alikuja. Amevaa gauni! Sijawahi kumwona na gauni. Tukakaa sebuleni, kila mtu na kikombe chake, hatuna injini ya kuijadili.

Sitawadanganya, sijamsamehe. Kila nikipita ule mzunguko mwili unanisisimka.

Lakini alipoaga alisimama mlangoni, haendi. Nami sikufunga mlango.

Wapendwa, ukimhitaji mtu, mwambie kwa mdomo wako. Usimharibie kitu chake ili arudi. Ipo siku hatafika.