Televisheni ya Vinubhai

Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu haya, kwa hiyo asije mtu wa mtaa wa Aston akakusimulia vingine.

Rafiki yangu Kullow, Msomali wa Garissa, kila Jumapili alikuwa akienda mtaa wa jirani, Nechells, huku ughaibuni, kwa mzee Vinubhai, aliyekulia Kisumu. Waliangalia kanda za zamani za makauboi. Muziki ukianza tu walishindana kama watoto wa kwetu: "Steringi ni mimi!" Aliyewahi alikuwa shujaa wa filamu, aliyechelewa alikuwa adui.

Kisha wenzake kazini wakamcheka: "Mzee mzima, bado uko na farasi?" Kullow akaona haya, akaanza kumdanganya Vinubhai kwamba ana shifti. Alidanganya Jumapili saba. Ya nane ilimkuta mzee amekufa.

Hansa, mke wa mwanawe, akatuita tuiondoe televisheni. Ilikuwa Januari, saa kumi tu jioni na giza limeshaingia, na umeme wa nyumba umekatwa.

"Alikuwekea kiti hadi mwisho, kaka," Hansa akasema, akatuachia tochi. Kullow hakumtazama.

Mimi, ambaye siogopi kitu, nikashika upande mzito. Waya ulining'inia bila kuchomekwa popote. Ndani ya televisheni zikasikika kwato za farasi, zikaja mbio, zikanyamaza. Kisha sauti ya Vinubhai ikauliza, taratibu: "Kullow bwana, leo steringi nani?"

Kullow akajifunika uso. "Wewe, mzee. Mimi ni adui."

Sasa nikiri: kwato nilizitia mimi, hadithi ipate mbio. Kulikuwa na kimya tu, kisha lile swali. Na kioo, tulipokigusa, kilikuwa na joto.