Sponji Kwenye Vikanyagio

Kila asubuhi Mama Mayai alifunga trei kumi na mbili za mayai nyuma ya pikipiki yake. Alizungusha kamba ya mpira mara tatu, akazitikisa kwa mkono, ndipo akaondoka kuelekea maduka ya ng'ambo ya daraja. Kwa miaka minne hakuwa amevunja trei hata moja. Majirani walimtania kwamba hata pikipiki yake ina adabu.

Lakini miguu ilimtesa. Vikanyagio, yaani vile vyuma viwili vya kuwekea miguu, vilikuwa vimekwisha mpira. Alikanyaga chuma kitupu kinachotetemeka njia nzima. Akirudi nyumbani nyayo zilikuwa zimekufa ganzi.

Mume wake alikuwa fundi cherehani. Hakupenda kumwona mke wake akikanda nyayo kila jioni. Jumapili moja alikata sponji ya godoro kuukuu, akakizungushia kila kikanyagio. Juu yake akavika mpira wa tyubu ya baiskeli, akaushona kwa uzi wa nailoni, mishono miwili miwili.

"Mama watoto, njoo uone! Kuanzia leo unakanyaga kama malkia."

Jirani mmoja alikuja kutazama, akauliza kwa utani kama fundi atazishonea nguo na taa za pikipiki. Mama Mayai alicheka, akashukuru kwa moyo wote. Alijua si kila mwanamke ana mume wa namna hiyo.

Jumatatu, kwenye mteremko wa daraja, mguu wa kulia uliteleza. Jumanne uliteleza tena. Sponji ilibonyea na kujizungusha chini ya ndala zake. Pedeli ya breki ya nyuma nayo ilikuwa mbali kuliko alivyoizoea, ikabidi aitafute kwa vidole.

"Miguu vipi?" mume wake aliuliza jioni.

"Raha tupu, baba watoto."

Angeanzaje kumwambia mtu aliyeshona kwa mapenzi kwamba kazi yake haifai?

Alhamisi ilikuwa zamu ya mama mkwe kwenda kliniki. Alikuwa na mtoto wa jicho, na kliniki ilikuwa ng'ambo ya daraja. Manyunyu yalikuwa yanaanguka tangu alfajiri. Mama Mayai alisimama mlangoni akiwa na neno mdomoni. Mume wake alikuwa anamfunga mama yake helmeti chini ya kidevu.

"Mwendeshe pole pole," alisema akitabasamu. "Mama sina mwingine."

Mama Mayai aliwasha pikipiki.

Njia ya juu waliipita salama. Kisha mteremko ukaanza, na chini kabisa, mbele ya daraja, lori la mchanga lilikuwa limekwama kwenye matope, limeziba njia nzima. Mama Mayai alipunguza mafuta, akashusha gia, akakanyaga breki.

Mguu ulikanyaga hewa.

Sponji ilikuwa imenyonya maji na kuzunguka. Ndala ilinasa kati ya kikanyagio na pedeli. Lori lilizidi kukaribia, akaweza kusoma namba zake.

"Mwanangu!" mama mkwe alipiga kelele, akamkumbatia kiunoni.

Mama Mayai alitamani kubana breki ya mbele kwa nguvu zote. Lakini alijua tairi la mbele lingeteleza, na wote wawili wangelala chini ya lori. Aliibana kidogo kidogo. Akachomoa mguu kwenye ndala, akakanyaga pedeli kwa unyayo mtupu. Pikipiki iliyumba kushoto, ikayumba kulia, ikasimama. Kati ya taa na lori ungepita mkono mmoja tu.

Mama mkwe aliteremka.

"Macho yangu mabovu, lakini hata mimi nimeona. Mguu wako ulikuwa unaogelea. Imeanza lini?"

"Jumatatu, mama."

"Na aliyeshona anajua?"

"Sikutaka kumvunja moyo."

"Ukaona bora univunje mimi shingo!" Alivuta pumzi. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Twende kwa fundi wa pikipiki."

Waliipenyeza pikipiki ukingoni mwa njia, kando ya lori, wakaisukuma hadi gereji ya ng'ambo. Fundi alikuwa mwanamke mfupi, mikono imejaa oili hadi viwiko, na watu walimwita Spana. Alikiminya kikanyagio kimoja. Maji yakachuruzika.

"Ushonaji ni mzuri kuliko shati langu," alisema. "Lakini hii itakuua. Ikilowa inateleza kama sabuni. Tena imeinua mguu wako vidole viwili, ndiyo maana pedeli unaiona iko mbali."

"Kwa hiyo nirudie chuma kitupu?"

"Hapana. Chuma kitupu nacho kinateleza, na mtetemo wake ndio uliokuwa unaua nyayo zako. Ipo mipira ya vikanyagio, ina mifereji ya kushika kiatu. Unanunua ya pikipiki yako, si ya kubahatisha."

Alivifumua vifuniko kwa kisu na kuviweka kando. Aliosha vyuma, akavika mipira mipya. Akakaza boliti moja iliyolegea.

"Panda. Weka mguu. Unaigusa breki?"

"Siigusi."

"Sasa shusha vidole tu, mguu usiunyanyue."

Pedeli ilikuwa chini kidogo. Spana alizungusha nati, wakajaribu tena. Safari hii vidole viliikuta pedeli mara moja.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Na hizo ndala ziachie bafuni. Vaa viatu vya kufunika, vyenye soli inayoshika. Ganzi ikibaki hata siku usiyoendesha, nenda kliniki."

Mama mkwe aliitazama pikipiki kwa muda mrefu. Kisha akapanda. Walifika kliniki wamechelewa, lakini walipokelewa.

Jioni Mama Mayai aliviweka vile vifuniko vilivyolowa juu ya meza ya cherehani. Alieleza yote, tangu Jumatatu hadi kwenye lori. Cherehani ilisimama. Mume wake aliona aibu, akaogopa, akakasirika, yote kwa pamoja.

"Ungekufa," alisema. "Ungekufa wewe na mama yangu kwa kunionea haya mimi?"

Mama Mayai alilia. Naye alilia.

Mwezi uliofuata mama mkwe alirudi kliniki kufanyiwa upasuaji. Mvua ilikuwa kubwa, na katikati ya mteremko mbuzi watatu walikatiza njia. Mama Mayai alishusha vidole, akabana na breki ya mbele taratibu. Pikipiki ilisimama mbuzi wakiwa bado mbali. Nyayo zake hazikuwa na ganzi.

Tangu hapo mume wake humuuliza swali moja kila jioni.

"Leo kuna nini unanionea haya kuniambia?"

Siku nyingi hakuna kitu. Jana kilikuwepo.

"Lile gauni la kijani ulilonishonea," Mama Mayai alisema. "Linanibana kwapani."

Mume wake alikunja uso, maana fundi ni fundi. Kisha akavuta kiti, akaanza kulifumua.