Kofia ya Kufunikia Chakula

Kila mchana fundi cherehani aliinua kawa iliyosukwa kwa ukindu, akapakua chakula, akanung'unika. "Mama, nitakununulia kifuniko cha plastiki. Hiki kimezeeka."

"Na mimi nimezeeka. Utanunua mama wa plastiki?"

Mama huyo alikuwa msusi wa mikeka, na mdomo wake haukujua kupumzika. Siku fundi alipokwenda kupima madirisha ya jumba la makumbusho, ili ashone mapazia, alimchukua amshikie futi.

"Dirisha hili linaishi vizuri kuliko sisi," mama alisema. Kisha akanyamaza. Fundi akashtuka, maana mama yake kunyamaza si jambo la kawaida.

Mama alikuwa amesimama mbele ya kabati la vioo. Ndani, juu ya kichwa cha mbao, palikuwa na kitu cha ukindu, kipana chini, chembamba juu.

"Nisomee kibao hiki, binti yangu."

Fundi akasoma: "Kofia ya sherehe. Zawadi ya wenyeji kwa mkuu wa wilaya. Msusi hajulikani."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Kofia! Hiyo ni kawa, ya kuzuia inzi!" Ghafla kicheko kikakatika. "Tena ni ya mama yangu."

"Mama, kawa zote zinafanana."

"Zifanane wapi? Tazama ukanda huu wa ukili unavyozunguka. Unakwenda kushoto. Bibi yako alisuka kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana wakamwita Shoto. Mimi nilikuwa mtoto. Mkuu yule wa wakoloni alikuja kwetu, akala, akashiba, akaondoka na kifuniko! Mama alilia, lakini angemwambia nani?" Machozi yalimlengalenga. "Leo wanasema hajulikani. Hajulikani na nani?"

Mwelezaji wa makumbusho alikuwa karibu, akasikia. Alivuta kiti.

"Shikamoo, mama. Keti, nisimulie tena."

"Marahaba." Mama akasimulia yote.

"Maneno haya ya kibao tuliyanakili kutoka kwa huyo aliyeichukua," mwelezaji alisema. "Yeye aliandika zawadi, nasi tukaamini. Vitu vingi humu vilifika hivyo. Wenye nguvu walichukua, wakaandika wao. Waliosuka na kuchonga hawakuulizwa. Sasa tunauliza: nani alikitengeneza? Kilifikaje hapa? Mwenyewe aliridhia?"

"Na mimi nisiyesoma, nani ataniamini?"

"Kumbukumbu yako ni ushahidi, mama. Hata mkono wa msusi ni ushahidi. Una kazi yake nyingine?"

Mama akamgeukia binti yake. "Ninayo. Kuna mtu anataka kuitupa."

Fundi aliona aibu. Kesho yake aliibeba mwenyewe ile kawa ya nyumbani hadi makumbusho, ameifunga kwa kanga safi. Wakazilinganisha. Zote mbili zilizunguka kushoto, na fundo la mwisho lilikuwa lile lile.

"Una haki ya kudai irudi kwenu," mwelezaji alisema.

Mama alitikisa kichwa. "Tunayo moja nyumbani. Hii ikae, watu wajue ukweli. Ila iondoeni kichwani!"

Siku ya kutundika mapazia, kawa ilikuwa juu ya sahani. Kibao kipya kilisema: "Kawa ya chakula. Imesukwa na Shoto. Mkuu wa wilaya aliichukua bila ridhaa yake."

Wanafunzi walikuwa wamelizunguka kabati. "Shoto ndiye nani?" mmoja aliuliza.

Mama akajipenyeza mpaka mbele, futi ikining'inia shingoni.

"Mama yangu," alisema. "Kaeni, niwasimulie."