Kipimo cha Pua

Siku ya nne baada ya mtoto kuzaliwa, fundi Harelimana wa Kamembe alikuta futi yake ya kushonea ndani ya kitanda cha mtoto. Ilikuwa imekunjwa vizuri, na kwenye sentimita ya pili palikuwa na alama ya wino ambao haujakauka. Ulikuwa mwaka wa 1968, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyetumia wino.

"Nani alibeba futi yangu?"

"Pengine mutoto anataka suti," mkewe Uwamahoro akamtania. "Mushonee, papa."

Mukantwari, mama yake Uwamahoro, hakucheka. Alichukua kitambaa akaifuta ile alama kabla mtu mwingine hajaitazama.

Siku ya tano, saa sita mchana, walisikia chumbani mlio mdogo wa chuma kinachofungwa. Tk. Kisha ikaja harufu ya tope la mto. Walipoingia walimkuta mtoto ana alama mbili nyekundu, moja kila upande wa pua, na tangu hapo kila aliposhika titi aliliachia akihema, akashika tena, akaachia tena, mpaka maziwa yakawa yanamtiririka Uwamahoro bure na machozi pamoja nayo.

Walimwita Maalim Munyaneza. Alisoma sikioni mwa mtoto, kisha akanusa hewa.

"Huyu muzimu hakutoka porini," alisema kwa sauti ya chini. "Ni wa nyumba hii, na ana wivu. Mutoto atapewa jina mbele ya ndugu zake, na yeye ndugu zake walimukana. Siku ya nane, siku ya jina, mumutaje mbele ya bantu bote. Nitamufukuza namna gani, na nyinyi mumemuficha?"

Siku ya saba midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu. Mukantwari alifunga mlango, akafunga na dirisha.

"Nilikuwa na dada. Bernadette. Baba mumoja, tumbo moja."

"Dada? Maman, miaka yote hii?"

"Uniache niseme. Tulikuwa wasichana. Muzungu alikuja na koleo ya chuma, akatupima pua. Karani akamuandika yeye kwa wino Mututsi, kwa sababu pua yake ilikuwa nyembamba. Mimi akaniandika Muhutu. Meza moja, Uwamahoro, siku moja. Yeye akaenda kusoma kwa masista, mimi nikabaki na jembe. Nilionea wivu hata viatu vyake. Nilikuwa nabana pua yangu na vijiti, nikilala navyo."

Tk, chuma kikalia pembeni mwa chumba.

"Siku nyumba za Watutsi zilipochomwa, wachomaji wakamukuta amejificha kwetu. Wakaniuliza, huyu ni wenu? Nikasema, hapana. Simujui." Chuma kikalia tena, na tena, kikisogea ukutani, kikipita nyuma ya mgongo wake, na harufu ya tope ikajaa mpaka Uwamahoro akauziba uso wa mtoto kwa kanga bila kujua anamziba kutoka kwa nani. "Aliniangalia tu. Wakamupeleka mtoni."

Chuma kikakoma. Mtoto akapiga chafya, akatafuta titi, akanyonya.

Uwamahoro alilia kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kesho utasema mbele ya bote?"

"Kwa nini? Dada yangu amekwisha kusikia. Batoto basijue. Bataanza kupimana."

Siku ya nane ndugu walifika kutoka Nkanka na Nzahaha. Watoto walikaa kwenye mkeka, wakala maharagwe kwa mikono, wakampa mtoto kila mmoja jina alilolibuni, kama ilivyo desturi. Ilipofika zamu ya Mukantwari kusema, Uwamahoro alimkazia macho. Mukantwari alifungua kinywa. Akatazama upande wa wakwe, akatazama upande wa ndugu zake, na ule wivu wa zamani ukamkaba: huyo Bernadette, hata leo, aje achukue siku yangu?

"Mungu amulinde mutoto," alisema, akakaa.

Tk.

Watoto wote waligeuka. Mukantwari alikuwa ameshika uso. Alipoondoa mikono, alama mbili nyekundu zilikuwa pande zote za pua yake.

"Koko," msichana mdogo alimuuliza bibi yake, "nani alikupima?"

Watu walimngoja ajibu.

"Hapana," alisema Mukantwari. "Simujui."

Chumbani, juu ya kitanda alimolala mtoto, koleo la chuma likafunguka.