Mkoromo wa Msimu wa Joto

"Shemeji, hii imefungwa. Haitashuka chini ya ishirini na saba."

Fundi wa AC alikuwa juu ya ngazi chumbani kwetu, amekuja kuisafisha. Mimi nilikuwa napanga nguo kwenye begi. Nilikuwa nimechoka. Miezi mitatu mume wangu amehamia sebuleni, analala kwenye vigae, kisa eti nakoroma.

"Nani kaifunga?"

"Mumeo mwenyewe. Joto lilipoanza alinifuata dukani. Akasema niifunge, eti unashinda kwenye baridi, ukirudi unamshushia mpaka kumi na nane, halafu unakohoa mpaka asubuhi. Nikadhani unajua."

Ningejulia wapi? Mimi napanga samaki kwenye chumba cha barafu, yeye anaoka mikate. Nilikuwa namshushia ili joto la tanuri limtoke mwilini. Alipohama sikuigusa tena rimoti. Ningemshushia nani?

Nikamtumia meseji: "Kwa nini unalala sebuleni?"

"Si unakoroma, mama."

"Miezi ya baridi tulilala wote. Sikuwa nakoroma?"

Baada ya nusu saa akaingia mwenyewe, unga mpaka kwenye nyusi. Akaliona begi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada. Nilijua umenichoka."

Akakaa kitandani kando ya begi.

"Ningekwambia kwenye ishirini na saba nasikia joto, ungeshusha."

"Ningeshusha."

"Na kifua chako?"

"Kifua changu nakiweza. Miezi mitatu nalala nimekaa, mito minne mgongoni, ili nisikorome urudi. Shingo haigeuki. Ungeniambia ukweli tu."

Akainamisha kichwa. "Nilikosea. Nisamehe, mke wangu. Hata vigae vyenyewe vimenivunja kiuno."

Fundi akakohoa kidogo huko juu. "Samahani, niweke ngapi?"

Tukatazamana.

"Ishirini na nne," nikasema. "Mimi blanketi mbili, yeye shuka. Miezi ya baridi ikirudi tutaizima AC, tutaongea upya."

"Tutaongea," mume wangu akaitikia.

Fundi alipoondoka nilirudisha nguo kabatini, nikatupa mito mitatu sebuleni. Tukalala mchana ule ule, miguu yangu ya barafu kwenye miguu yake ya moto. Hazikupita dakika tano nikasikia mkoromo.

Wa kwake. Nikamwacha alale.