Kikombe Kilichofunikwa

Kitulizi hakijawahi kumgeuzia mtu maneno. Nawaambia mimi, na mashine ile naijua kuliko mama yangu anavyonijua. Sogeeni. Foleni hii ya kahawa ni ndefu, na tume ya uchunguzi haifungui mlango kabla ya saa nne.

Ninyi mliotoka bonde la Mkomba huenda hamjakiona. Kitulizi ni bakuli kubwa la kioo, limekaa katikati ya meza ya Ukumbi wa Mashauriano, hapa hapa Songambele. Zamani serikali rafiki zikitaka kushauriana, mabalozi walipanda ndege. Siku hizi kila mmoja hukaa kwao, na bakuli humchora mwenzake kwa mwanga, mzima mzima, hadi kitambi. Taswirahai, ndivyo wanavyoiita. Na kwa kuwa wakubwa hasira zao ziko karibu, bakuli limefundishwa kulainisha: mtu akifoka huku, kule wanasikia amekohoa kwa heshima. Pembeni kuna gurudumu la ulaini, moja hadi tisa, analizungusha fundi. Sheria inasema tatu, basi.

Sasa, Alhamisi ile. Marafiki zetu wa Tambasa walitaka kurusha roketi Jumamosi, na matangi yake matupu yaangukie Mkomba. Mkataba wetu unasema rafiki akiulizwa asipokataa, amekubali. Kwa hiyo Balozi Tunzo Kalengo aliingia ukumbini na kazi moja tu: kukataa. Nyumba mia nne zilikuwa mdomoni mwake.

"Bonde lile lina watu wachache," alisema Naibu Waziri Songoro wa Tambasa, aking'aa juu ya meza kama taa za harusi.

"Wachache kwa macho ya nani? Shangazi yangu anakaa pale na mbuzi wake. Nikutajie na majina ya mbuzi?"

"Dada Tunzo, sisi ni ndugu."

"Ndugu hammwagii ndugu yake taka kichwani! Hatukubali. Kesho hatukubali, keshokutwa hatukubali. Mkirusha, huo urafiki uwekeni ndani ya roketi uende nao!"

Songoro akatabasamu. "Nakushukuru kwa busara zako."

Balozi akamgeukia fundi. "Huyu mtu ananisikia kweli?"

"Anakusikia, Mheshimiwa," fundi akajibu, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani.

Basi akafanya lililobaki. Desturi mnaijua, na Watambasa wanaijua vilevile, maana ni ya tangu mpaka haujachorwa: mtu akikataa kabisa, hufunika kikombe chake cha kahawa mbele ya mwenzake, kinywa chini, na hapo mjadala umekufa. Balozi hakumaliza hata kunywa. Alikifunika kwa kishindo, kahawa ikamrukia fundi kwenye mkono wa shati.

Tambasa waliona nini? Waliona mwanamke mpole ameshika kikombe, mvuke unapanda, kana kwamba anangoja kuongezewa. Gurudumu lilikuwa tisa, jamani. Kwenye tisa, lile bakuli hulainisha hadi vyombo!

Ndiyo, nimesema halijawahi kugeuza. Mzee, usinicheke, acha nimalize.

Jumamosi matangi matatu yalianguka Mkomba. Watu kumi na mmoja. Shangazi wa Balozi alikutwa zizini, amewakumbatia mbuzi wawili. Tambasa walituma rambirambi asubuhi, jioni wakatuma picha: mbona mlikubali, tazameni wenyewe. Na pichani Balozi wetu anatabasamu, kikombe kimesimama wima. Alipoiona hakulia. Aliuliza kwa sauti iliyofika hadi lango kuu, "Nani amenivalisha tabasamu hili?"

Na mimi nina hasira! Hasira na Tambasa. Hasira na serikali yetu, inayoona haya kugombana na rafiki hadi inanunua bakuli la kujizibia mdomo. Na yule fundi! Mzembe yule, mtu asiye na haya. Ningekutana naye, walahi, ninge—

"Ungemfanyaje?"

Alikuwa Mama Mwanakombo, birika mkononi. Yeye ndiye anayepika kahawa ya ukumbini, na ya foleni hii pia. Sikuwa nimeona kwamba zamu yangu imefika.

"Aa, Mama, tunapiga soga tu."

"Piga. Lakini ipige yote, Chedi. Alhamisi ile nilisimama nyuma yako na birika hili hili. Ulizungusha gurudumu kutoka tatu hadi tisa, ukaniambia, 'Mama, hawa wakiendelea kugombana nitakosa mpira wa saa kumi.' Na hilo doa la kahawa kwenye shati lako nililisugua kwa limau mimi mwenyewe. Halikutoka."

Niliurudisha mkono nyuma. Nilichelewa. Yule mzee wa Mkomba, niliyemwambia asinicheke, alikuwa ameshaliona, na sasa alinitazama usoni bila kupepesa.

"Tume ikiniuliza nitasema," Mama akasema. "Isipouliza, nitasema."

"Mama, mimi nilidhani..." Sauti yangu ilitoka nyororo, kama imepita kwenye bakuli.

Hakunimiminia. Alikichukua kikombe changu kitupu, akakifunika juu ya meza mbele yangu, polepole, kinywa chini.